Figo za Mtoto na Dawa za Kukuzia Mazao

Mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akichunguza ugonjwa unaoifanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi, aligundua kwamba urefu huo ulitokana na kemikali inayotolewa na kuvu, na katika miaka ya 1930 Teijiro Yabuta akaipa kemikali hiyo jina la jiberelini. Leo asidi ya jibereliki hunyunyiziwa zabibu zisizo na mbegu ili zinenepe, nayo huhesabiwa miongoni mwa vidhibiti ukuaji, yaani kemikali ambazo kwa kiasi kidogo sana huharakisha au kuchelewesha ukuaji wa mmea. Kwa kuwa ni homoni ya mimea, ni rahisi kudhani kwamba haimhusu mwanadamu. Lakini dhana hiyo yafaa ipimwe, hasa kwa mjamzito.

Sababu yake ni namna figo inavyojengwa. Figo ya kudumu huanza kuumbika karibu na wiki ya 5 ya mimba, pale kichipukizi cha mrija kinapopenya katika tishu iliyo jirani na kutoa matawi, na kila ncha ya tawi ikaichochea tishu hiyo itengeneze nefroni, ambavyo ni vichujio vidogo vya kusafishia damu. Kazi hiyo hukoma karibu na wiki ya 36, na kinachokosekana hapo hakifidiwi maisha yote. Kwa wastani figo moja ina nefroni milioni 1 hivi, ila wapo wanaozaliwa na laki 2 tu. Na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wenye shinikizo la damu walikuwa na takriban nusu ya nefroni za wenzao.

Mwaka 2011 watafiti wa Tunisia walichapisha matokeo ya jaribio ambamo panya wenye mimba walinyweshwa maji yenye asidi ya jibereliki, miligramu 200 kwa lita, tangu siku ya 14 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa. Muda huo una maana kubwa, kwa sababu panya huendelea kuunda nefroni siku kadhaa baada ya kuzaliwa, kazi ambayo binadamu huimaliza tumboni. Figo za mama na za watoto zilionyesha mkazo wa oksidishaji, yaani hali ambapo molekuli haribifu za oksijeni huzidi uwezo wa vimeng'enya vya kuzidhibiti, hata utando wa seli ukaharibika.

Kipimo hicho ni kikubwa mno kikilinganishwa na mabaki yaliyo kwenye tunda, na panya si binadamu. Hivyo hakuna haja ya kuyaogopa matunda. Anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi ni mama mjamzito anayechanganya dawa kwa mikono mitupu, na wenye mashamba wanaombwa wampangie kazi nyingine tangu mimba inapojulikana, kwani wiki ya 5 hufika mapema mno.