Je, Wajua Baridi ya Kilimanjaro Si Baridi ya Aktiki?

Wengi tumefundishwa darasani kwamba kupanda Kilimanjaro ni sawa na kusafiri kutoka Ikweta hadi karibu na Ncha ya Kaskazini. Unaanzia kwenye joto la Moshi, unapita migomba na kahawa ya vihamba, yale mashamba ya kuzunguka nyumba, unaingia msitu wa mvua, unatokea kwenye vichaka, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu iliyo karibu na kilele cha mita 5,895. Wazo hilo si la jana. Mjerumani Alexander von Humboldt, baada ya kuupanda mlima Chimborazo huko Ekuado mwaka 1802, aliuchora na mimea yake ikiwa imepangwa kwa mwinuko, akailinganisha mipangilio hiyo na ile ya nchi za baridi. Hesabu nayo inamuunga mkono, kwa sababu joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Hata hivyo, wastani wa joto ni shahidi asiyesema yote. Linaloamua nini kiishi mahali si kiasi cha baridi peke yake, bali baridi hiyo inakuja lini na inakaa muda gani.

Ushahidi mzuri uko Verkhoyansk, mji mdogo wa Siberia ulio ndani ya Mzingo wa Aktiki. Mwaka 1892 baridi ilifika huko nyuzi 67.8 chini ya sifuri; mwezi Juni 2020 joto likapanda hadi nyuzi 38. Wastani wa mwaka mzima uko mbali chini ya sifuri, na bado mji umezungukwa na msitu. Kwenye mita 4,000 za Kilimanjaro wastani ni nyuzi chache juu ya sifuri, lakini huko msitu haupo kabisa. Kama wastani ndio ungekuwa hakimu, mambo yangekuwa kinyume. Siri ni kwamba mti wa Siberia hulala miezi mingi na kukua haraka katika majira mafupi ya joto. Kilimanjaro juu hakuna mwezi wa joto wa kuusubiri: Januari na Julai zinakaribiana, na tofauti kubwa iko kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Mwanajiografia Carl Troll alizitenga tabianchi hizi mbili kwa kigezo hicho hasa: kuna mahali ambapo mwaka hubadilika kuliko siku, na mahali ambapo siku hubadilika kuliko mwaka.

Mtazame senesio mkubwa wa Kilimanjaro, mmea usiopatikana mlima mwingine wowote duniani. Shina lake hupanda mita kadhaa, na juu yake limebeba majani yaliyojipanga kama kabeji. Usiku majani hayo hujikunja na kufunika chipukizi changa katikati. Jua likichomoza hufunguka. Majani makavu hayadondoki, hubaki yamelivika shina lisigandwe na baridi. Ndani ya shina mna kiini kinachohifadhi maji, nacho kina kazi alfajiri, pale jua linapoyapiga majani huku udongo ungali umeganda na mizizi haiwezi kunyonya kitu. Jirani yake lobelia huhifadhi maji ndani ya bakuli la majani yake: juu hufanya barafu, chini yanabaki majimaji, na chipukizi kinasalimika. Aktiki hukuti mmea wa umbo hili. Kule mierebi hutambaa chini, sentimita chache tu kutoka ardhini, ikifunikwa na theluji hadi majira yabadilike. Milima ya Andes, kwa upande wake, ina mimea inayofanana sana na senesio ingawa ni ya jenasi nyingine. Iko kwenye tropiki pia, ikipambana na usiku uleule.

Mtu anaweza kupinga kwamba mmea mdogo wa arabisi, wenye maua meupe, unaishi Kilimanjaro na Skandinavia vilevile, kwa hiyo mazingira lazima yawe mamoja. Kinachothibitishwa hapo ni kwamba baadhi ya mimea huvumilia mengi. Sura ya uoto huonekana kwa kile kinachotawala, si kwa mgeni mmoja aliyestahimili. Pingamizi la mvua lina uzito zaidi: msituni, karibu mita 2,200, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kwenye mita 4,000 hubaki kama moja ya tano. Ni kweli, jangwa la juu ni kazi ya ukame pamoja na baridi, na moto nao umeushusha mpaka wa msitu. Lakini ukame haumfundishi mmea kujifunga kila jioni.

Wanyama wanasema hayo hayo. Mbweha wa Aktiki hubadili manyoya, meupe wakati wa theluji na ya kahawia majira ya joto. Kulungu wa Aktiki (caribou) huhama kwa makundi makubwa misimu inapobadilika. Kilimanjaro hakuna mnyama wa kuvaa vazi jeupe kwa misimu, maana baridi yake huisha asubuhi.

Kwa hiyo mwalimu wa jiografia asiufute ule mfano wa safari ya kwenda nchani. Auache ubaoni, kisha awaulize wanafunzi wake: hapa baridi inakaa miezi mingapi, na pale inakaa saa ngapi?