Kwa nini rumba yetu iliitwa "Jazz"?

Wandugu, kila siku ya Mungu hapa Kisangani nafungua redio nisikilize kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji anataja African Jazz, kisha OK Jazz, na vijana wanauliza: jazz iko wapi humu? Hii si rumba tu?

Ni rumba, kweli. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza 1953, OK Jazz 1956, zote kule Léopoldville. Wakati ule "jazz" haikuwa lazima muziki wa Louis Armstrong. Ilikuwa jina la orkestra ya kisasa: gitaa za umeme, saksofoni, tarumbeta, besi. Mdundo wenyewe ulitoka Cuba, kwa diski za GV zilizoingia tangu miaka ya 1930. Na Cuba, sehemu ya midundo ile ilipelekwa na watumwa waliotoka Kongo.

Mimi mtu wa agronomia naiona hivi: mbegu ya kwetu ilisafiri, ikarudi mti, sisi tukapandikiza tawi letu juu yake. Tunda ni sebene, pale sauti zinanyamaza na gitaa zinaongoza.

UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu 2021. Ni vizuri, lakini karatasi haipigi gitaa. Mara nyingi diski inataja orkestra, haitaji kila mpigaji. Majina hayo yako kichwani mwa wazee, na wazee wanakwisha. Kama kuna koko nyumbani, muulize leo, uandike.