Kura za Mwaloni na Mnadani

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, na matatu yakaangukia Geita na Shinyanga, nchi ya machimbo na minada: Katoro na Chato Kusini mkoani Geita, Itwangi mkoani Shinyanga. Wapigakura wapo tele. Kuwapata ndiyo kazi, maana kampeni huruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na saa hizo wengi wako maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu au mnadani wakipatana bei ya ng'ombe.

Mkutano wa hadhara bado ndio mfalme. Freeman Mbowe, mgombea urais wa Chadema, alizunguka nchi kwa helikopta mwaka 2005. Chopa hujaza uwanja, ingawa wengi wanaoikimbilia hawajafika umri wa kupiga kura. Mwaka 2015 John Magufuli, mgombea urais wa CCM na mwana wa Chato, alipita kwa barabara, akapiga pushapu jukwaani, na alipofika kwao akawaamkia watu kwa Kisukuma kabla ya kurudi kwenye Kiswahili cha kampeni. Watu husogea karibu wakisikia "mwangaluka".

Lakini salamu haimalizi shida ya mchimbaji. Geita, mgombea akizungumzia uwekezaji kwa ujumla, ataulizwa habari za magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM) ambayo wachimbaji wadogo wameyadai kwa miaka. Magufuli alilielewa hilo. Januari 2019, akiwa Rais, aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam akawasikiliza, na muda mfupi baadaye wakaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mgombea wa udiwani hana uwezo huo. Anachoweza ni kukaa mwaloni na kujua nani ana leseni na nani anachimba kwa hisani ya mwenye duara.

Ngoma nazo zina siasa zake. Usukumani wachezaji wamegawanyika Bagika na Bagalu, mahasimu wa jadi. Anayekodi upande mmoja kutumbuiza ajiandae kununiwa na wa pili.

Na fedha? John Cheyo wa chama cha UDP, wa Bariadi iliyokuwa Shinyanga kabla ya Simiyu kuzaliwa 2012, alinadi mapesa mpaka akaitwa Bwana Mapesa. Ubunge aliupata, urais ukamkwepa. Kugawa pesa zenyewe ni habari nyingine. Takrima ya wagombea kwa wapigakura, iliyohalalishwa mwaka 2000, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006.

Inabaki kazi ya mlango kwa mlango. CCM ina mabalozi wa mashina, wanaojua nani amefiwa na nani amehamia machimboni. Chadema ilijaribu kujenga mtandao kama huo kupitia Chadema ni Msingi, lakini Aprili 2025 ilienguliwa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, na Oktoba 29, siku ya kura, wanachama wake wa Katoro hawakuwa na mgombea wa kumpeleka kwa jirani.