Kushindilia Risasi Gerejini

Risasi ya bunduki ya kuwindia ina vitu vinne tu. Kuna ganda la shaba, kuna fataki iliyokaa kitakoni mwake, kuna baruti ndani, na kuna kichwa kilichobanwa mdomoni, kile kinachoruka. Ukifyatua, pini hugonga fataki, fataki hutema moto, baruti huwaka na kutoa gesi, na gesi hukisukuma kichwa mtutuni. Hapo vitatu vimekwisha kazi. Linalobaki ni ganda, la moto, limevimba kidogo, na kwa kawaida ndilo lililogharimu kuliko vingine vyote. Hapa Montana, Marekani, hakuna anayeliacha chini. Nenda uwanja wa shabaha siku ya Jumamosi uone watu wazima na heshima zao wamechutama majanini wanaokota.

Mimi ni mtu wa Tabora, fundi wa kuchomelea vyuma, na kilichonileta Missoula ni ndoa. Nyumbani nilikua nikisikia habari za magobole: mzee anamimina baruti mtutuni kwa kukadiria kiganjani, anashindilia kwa ufito, anatia vipande vya chuma, kisha anamwachia Mungu. Jirani yangu wa huku, mzee mstaafu wa reli, aliponiita gerejini kwake nione anavyotengeneza risasi, nilidhani nakwenda kuona mambo ya namna hiyo. Nilichokuta ni meza safi kuliko ya jikoni kwangu na mizani inayopima sehemu ya kumi ya greni. Greni ni kipimo kidogo mno. Pauni moja ina greni 7,000, na greni moja haifiki hata gramu 0.07.

Wamarekani walikuwa wakijaza risasi wenyewe tangu karne ya 19, lakini kilichoieneza kazi hii majumbani ni Vita vya Pili vya Dunia. Wakati wa vita risasi za dukani ziliadimika. Mwaka 1943 Fred Huntington, kijana wa Oroville, California, alianza kutengeneza kalibu za kuundia vichwa vya risasi katika chumba cha nyuma cha duka la dobi la baba yake, na kampuni yake, RCBS, mpaka leo mashine zake za kijani ziko kwenye gereji nyingi za huku. Vita vilipokwisha, jeshi likabaki na baruti nyingi isiyo na kazi. Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua, akaiweka kwenye behewa la treni, akaanza kuwauzia wawindaji. Wanajeshi nao walikuwa wamerudi nyumbani wanaijua bunduki vizuri na mfukoni hawana kitu.

Sheria ya hapa haimtaki mtu leseni kwa risasi anazojaza kwa matumizi yake mwenyewe; akitaka kuziuza ndipo anapaswa kuwa nayo. Tanzania ni mambo mengine kabisa: kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa. Kwa hiyo ndugu msomaji wa Sikonge, haya yasome kwa kujua tu.

Siku hizi nami nafundisha wengine, na kila anayeanza huniambia anataka kuokoa pesa. Haokoi. Ukishanunua mashine ya kubana, kalibu, mizani, kalipa na kitabu, na bei ya kila risasi ikashuka, utakachofanya ni kupiga risasi nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka mkeo atakuonyesha hesabu. Sababu ya maana ni kwamba unaipata risasi inayoelewana na bunduki yako hasa, na mwaka ambao maduka yako matupu, kama huku mwaka 2020 na 2021, wewe unakwenda porini. Ingawa miaka ile hata fataki zenyewe zilikuwa hazionekani, na wenye akiba walizificha.

Kazi yenyewe huanza na kulikagua ganda. Lililopasuka shingoni linatupwa, hilo halina mjadala. La hatari zaidi ni lile linalokonda kwa ndani, juu kidogo ya kitako, mahali jicho halifiki. Kila unapofyatua, shaba hutanuka mpaka ikabana kuta za chemba. Kila unapolirudisha kwenye kalibu husinyaa. Na shaba inayotanuliwa na kusinywa mara nyingi huchoka. Mzee wangu ana waya mwembamba, ncha ameikunja kama ndoano. Huutia ndani ya ganda akaparuza ukuta taratibu kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye kijifereji, ganda hilo anaminya mdomo wake kwa koleo asije mtu akalirudisha mezani. Aliniachia waya nijaribu mwenyewe kwenye ganda bovu, na kweli, kile kijifereji hukioni kabisa lakini kidole kinakihisi mara moja.

Ganda zima hupakwa mafuta maalumu, kidogo tu, kisha husukumwa ndani ya kalibu ya chuma. Kwa mvuto huohuo pini ya kalibu hutoboa chini na kuitoa fataki iliyotumika. Usipopaka mafuta ganda hunasa, na kulinasua ni kazi ya asubuhi nzima. Pini hiyo inataka ganda lenye tundu moja katikati, lile la mfumo wa Boxer. La Berdan lina matundu mawili madogo pembeni, na mara nyingi ukilazimisha pini huvunjika. Hapo kuna kichekesho cha historia: Edward Boxer alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, lakini mfumo wake ndio wa Wamarekani, Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, na wake ukaenda kutawala Ulaya. Kabla hujanunua maganda, chungulia ndani kwa tochi.

Kisha unapima urefu kwa kalipa. Ganda la .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na wawindaji wa huku hawajaichoka, halitakiwi kuzidi inchi 2.494. Lililozidi linakatwa, mdomo unalainishwa, fataki mpya inakaa kitakoni bila kujitokeza nje. Fataki nyingi zina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo chakula hakikai mezani na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika mtoto.

Baruti nayo ina masharti yake. Mezani linakaa kopo moja tu, lile unalotumia, mengine yote yako kabatini. Baruti mbili zinaweza kufanana rangi na umbo, na moja ikawaka haraka mara kadhaa kuliko nyingine. Ukizikosea, bunduki inakupasukia usoni. Kiasi hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, cha baruti hiyohiyo na uzito uleule wa kichwa, na mtu huanzia chini, kwa kawaida asilimia 10 pungufu ya kiwango cha juu, akipanda kidogo kidogo. Mimi katika makala hii sitaji kiasi chochote, na anayekutajia mdomoni usimsikilize hata kama ni shemeji yako. Kikomo cha mgandamizo wa .30-06 ni pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 na kitu, nalo likipasuka mnajua kishindo chake.

Hili ndilo lililomtisha kijana mmoja wa Uvira ninayemfundisha sasa. Missoula ina familia nyingi za Wakongo waliofika kama wakimbizi tangu 2016, na baadhi ya vijana wao wameupenda uwindaji. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, hataki kuingia. “Kaka, hii haiwezi tulipukia?”

“Inaweza, mdogo wangu. Ndiyo maana simu yako nimeiacha sebuleni.”

Maganda yakishajazwa husimama kwenye ubao wenye matundu, na kabla ya kuweka kichwa hata kimoja unapitisha tochi juu yake, safu kwa safu. Baruti yote iwe kimo kimoja. Lililojazwa mara mbili ni balaa. Lililosahauliwa nalo si salama: fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata ikikikuta humo mtutu unaweza kupasuka.

Ninachogombana nacho kwa wanaoanza ni tamaa ya shabaha za sifa. Anapata matundu matatu yanayogusana katika yadi 100, hatosheki, anabadilisha baruti, anabadilisha kichwa, msimu unafika bado anapima. Mahali pa moyo na mapafu ya kulungu pana upana wa sentimita 20 hivi. Risasi inayotua ndani ya sentimita tatu kutoka pale ulipolenga inatosha na kubaki. Muda uliosalia jifunze kupiga ukiwa umepiga goti na pumzi imekwisha.

Bora uumize kichwa kwa kuchagua kichwa cha risasi. Mwaka 1946 John Nosler, mtu wa Oregon, aliwinda kulungu mkubwa wa kaskazini aitwaye musi huko British Columbia. Mnyama alikuwa amegandwa na matope makavu, na vichwa vya risasi vilisambaratika juu juu bila kuingia ndani. Nosler akarudi karakanani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya. Kinauzwa mpaka leo. Kwa elki, mnyama mwingine wa jamii ya kulungu, ambaye dume lake hufika kilo 300, sioni sababu ya kubania hapo.

Kuna pia hali ya hewa. Baruti ikipata joto mgandamizo hupanda. Waingereza walilijua hilo zamani. Bunduki zao za tembo za Afrika zilitumia maganda makubwa yenye mgandamizo mdogo, kwa sababu jua letu lingeifanya baruti yao iwe kali kupita kiasi na ganda likagoma kutoka. Sisi huku huwinda kuanzia mwishoni mwa Oktoba, kwenye theluji, lakini majaribio hufanywa Julai. Usiache boksi la risasi juu ya dashibodi.

Kijana wa Uvira amepita kozi ya usalama ya wawindaji, na sasa ameona mashine iliyotumika inauzwa bei ya kutupa, anataka nimsindikize tukaichukue. Nimemwambia anunue kitabu kwanza. Amenuna.