Mashine ya kuhesabu CD4 na masufuria ya harusi

Hapa kwetu Pwani neno CD4 limekuwa la kawaida. Utalisikia kliniki, utalisikia ndani ya matatu, na hata bibi asiyejua Kizungu hata neno moja atakwambia, "Mwanangu, CD4 yake imeshuka." Tunajua pia kwamba ikiwa chini ya 200 hali ni nzito. Tusichouliza ni nani aliyezihesabu, na amezihesabu kwa kitu gani.

Huhesabiwa kwa mashine iitwayo flosaitometa. Mimi si daktari, na diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa, kwa hivyo nitaeleza kama ninavyoeleza barazani.

Fikiria kivuko cha Likoni saa moja asubuhi. Watu wamejaa tele, wenye mikokoteni, wanafunzi, akina mama na vikapu vyao. Ukiambiwa uhesabu ni wangapi waliovaa kanzu utachoka bure. Lakini wapitishe kwenye kilango chembamba, mmoja mmoja, kazi inakuwa rahisi. Flosaitometa ndivyo inavyoifanyia damu. Kwanza damu huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, na kila kingamwili hushika aina yake ya seli peke yake. Halafu seli hizo huingizwa katikati ya mkondo wa maji ya chumvi unaozibana hadi zikaenda msururu mmoja, zikapita mbele ya mwali wa leza. Seli yenye rangi ikipigwa na mwali hung'aa. Vihisi hunasa mng'ao huo, vikapima na ukubwa wa seli kwa jinsi ilivyotawanya mwanga, na kompyuta ikaandika. Maelfu ya seli hupita kwa sekunde moja.

Kwa hivyo CD4 si ugonjwa wala si virusi. Ni alama iliyo juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zile ambazo virusi vya UKIMWI huzishambulia. Kuna alama nyingine nyingi, na kwa mashine hiyo hiyo madaktari hutambua aina za saratani ya damu, nao watafiti huchunguza jinsi mwili unavyopambana na malaria au unavyoipokea chanjo.

Asili yake inafurahisha. Mwaka wa 1965, Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos kule Marekani alitangaza mashine ya kutenganisha seli kwa kuzitia katika vitone vidogo vyenye chaji ya umeme. Ufundi wa vitone aliuchukua kwa Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa akishughulika na wino wa kuandikia. Kisha Leonard Herzenberg wa Stanford, aliyechoka kuhesabu seli kwa jicho kwenye darubini, akazifuata ramani za Fulwyler, na yeye na wenzake wakaongeza mambo ya rangi na mwanga. Mwaka wa 2006 alipewa Tuzo ya Kyoto kwa kazi hiyo.

Nililotaka hasa kusema ni hili. Pale pale Stanford, mashine za aina hii zimewekwa katika maabara moja ya pamoja, inayohudumia watafiti wa idara mbalimbali. Vyuo vikuu vingi duniani vimefuata mtindo huo. Mtafiti huweka zamu, hulipia saa alizotumia, na haruhusiwi kugusa kitu mpaka afunzwe na wenyewe waridhike. Asubuhi kabla ya watu kuingia, mtaalamu wa pale hupitisha vishanga vidogo vyenye mng'ao unaojulikana, ahakikishe mashine haijaanza kudanganya. Na huweza kudanganya kweli, maana rangi moja humwagikia nyingine, na asiyejua kurekebisha ataona seli ambazo hazipo.

Sisi tunaujua mtindo huu tangu zamani. Nani mtaani hununua masufuria ya pilau ya watu mia tano kwa sababu binti yake anaolewa? Masufuria ni ya mtaa. Kuna anayeyatunza, anayejua yako wapi na nani hajarudisha mfuniko.

Katika hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja, nimeiona mashine ya CD4 imefunikwa kitambaa, juu yake yamepangwa mafaili. Nikaambiwa dawa za kupimia ziliisha, na fundi aliyeijua alihamishwa. Mashine hizi nyingi zililetwa na wafadhili. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani liliposema kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kungoja CD4 ishuke, na maendeleo yake yafuatwe kwa kupima wingi wa virusi, hamu ya kuzitunza ikapungua. Lakini mgonjwa anayefika amechelewa, amekonda na anakohoa, bado anahitaji hesabu ile ili daktari ajue kama amtafutie kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Kipo kipimo cha haraka cha kijiti, kinachosema tu kama uko juu au chini ya 200. Kinasaidia sana huko visiwani na vijijini. Saratani ya damu, hata hivyo, kijiti hicho hakitakuonyesha.

Ujuzi wenyewe hauko mbali nasi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, na flosaitometa ni sehemu ya kazi zake za kuchunguza kinga ya malaria. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huo huo, na TUM iko Mombasa. Sioni kwa nini vyuo hivi viwili na hospitali za kaunti zetu zisiwe na chumba kimoja cha pamoja, chenye watu wawili watatu walioajiriwa kuzitunza mashine na kufundisha, na ada inayolipia dawa na matengenezo. Mashine moja hugharimu mamilioni ya shilingi. Kununua nne zikalala chini ya vitambaa vinne, wallahi, ni israfu.

Na vijana wetu wenye diploma ya maabara, ambao leo wanaendesha bodaboda, wapate mahali pa kujifunza kazi hii kwa mikono yao.

Basi kaunti itakapotuita kutoa maoni ya bajeti, inshallah twendeni, na ukisomwa ukurasa wa vifaa vya hospitali tuulize mambo matatu: nani atakayefunzwa, nani atakayemfuata yeye akihamishwa, na pesa za dawa za mwaka wa pili ziko ukurasa gani.