Nyambizi na Meli za Shehena katika Bahari ya Hindi

Katika somo la tafsiri, neno nyambizi huwataabisha wanafunzi wetu. Wengi hulichanganya na manowari. Ieleweke kwamba manowari ni meli yoyote ya kivita. Nyambizi ni ile iwezayo kwenda chini ya maji. Kwa kuwa nchi yetu haina bahari, tumeona inafaa kueleza jinsi chombo hiki kilivyofanya kazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hasa katika maji ya joto yaliyo jirani nasi.

Nyambizi za wakati huo hazikukaa chini muda wote. Injini za dizeli zilihitaji hewa, hivyo usiku zilielea juu na kuchaji betri. Mchana zilizama na kwenda kwa umeme, polepole kuliko meli nyingi zilizoviziwa. Silaha yao kuu ilikuwa topido, yaani bomu lenye injini yake lisafirilo majini. Juni na Julai 1942, katika Mlango wa Msumbiji, nyambizi chache za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 za shehena. Nyingi zilikuwa zikisafiri bila manowari ya kuzilinda.

Hata penye ulinzi, joto la bahari liliweza kumsaidia mvizia. Manowari za ulinzi zilitafuta nyambizi kwa sauti: chombo hutuma mlio majini, kisha husikiliza mwangwi. Katika tropiki jua huupasha moto uso wa bahari, na sauti huenda kasi zaidi katika maji ya joto. Kwa hiyo mlio hupinda kuelekea chini kwenye ubaridi, na mbele yake, karibu na uso wa bahari, hubaki eneo usilolifikia. Kabla ya vita, Wamarekani walikwisha kuona kwamba vyombo vyao vilivyosikia vizuri asubuhi vilidhoofika alasiri. (Wanafunzi hudhani maji maangavu huifichua nyambizi. Kwa rubani aliye juu, huenda. Kwa msikilizaji aliye melini, la.)

Mfano unaotugusa ni wa Khedive Ismail, meli ya abiria iliyotwaliwa kubeba askari. Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za askari. Ilikuwa na watu 1,511, wakiwemo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, yapata saa nane na nusu mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kabla ya dakika tatu kwisha.

Manowari Petard na Paladin zikakabiliwa na uamuzi mgumu. Watu walikuwa wakielea majini, nyambizi ikiwa chini, na meli nne zilizosalia zikiwa hatarini. Mabomu ya kina yalitupwa wangali majini. I-27 ililazimika kuibuka, na hatimaye Petard ikaizamisha kwa topido.

Waliookolewa ni 214. Waliokufa ni 1,297, wengi wao wa kikosi kile cha mizinga. Katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, nao unawataja waliopotea na meli hiyo miongoni mwa wasio na kaburi linalojulikana.