Ujumbe Wako Unalala Wapi?

Mkazi wa Sakina akimtumia jirani yake wa Ngaramtoni kadi ya mwaliko wa kikao cha harusi kwa WhatsApp, kadi ile haiendi Ngaramtoni moja kwa moja. Inapanda mnara, inaingia kwenye mkongo, inavuka bahari hadi kwenye seva za kampuni ya Marekani, kisha inarudi Arusha. Yote hayo kufumba na kufumbua. Wahusika wanaishi chini ya mlima mmoja na wanapanda daladala za njia moja, lakini maongezi yao yanapitia nchi ambazo hawajawahi kuziona.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Historia ya mitandao ya kijamii husimuliwa kwa majina ya kampuni: SixDegrees mwaka 1997, Friendster 2002, MySpace 2003, Facebook 2004. Kwa Arusha mpangilio huo unaruka sura ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi.

Katika miaka ya 1990, simu ya mezani ilipokuwa bado kitu cha kuombwa na kusubiriwa, mji huu ulikuwa na kituo cha barua pepe kilichoitwa Arusha Node Marie. Anwani za watumiaji wake ziliishia na marie.gn.apc.org. Isome kutoka kulia na utaiona njia nzima ya barua: APC ni muungano wa mitandao ya asasi za kiraia ulioundwa mwaka 1990, gn ni GreenNet ya London, na marie ni kituo cha hapa Arusha.

Teknolojia iliyobeba vituo vya aina hiyo ilitokana na FidoNet, aliyoibuni Tom Jennings wa San Francisco mwaka 1984. Kompyuta hazikuwa hewani saa zote. Barua za siku nzima zilikusanywa, zikabanwa ziwe ndogo, zikawekwa foleni. Ikifika saa ya miadi modemu moja iliipigia nyingine, vifurushi vikabadilishwa kwa dakika chache, laini ikakatwa. Lango la London lililohudumia vituo vingi vya Afrika liliendeshwa na Karen Banks wa GreenNet, ambaye mwaka 2013 alitambuliwa katika Jumba la Heshima la Intaneti kwa kazi hiyo. Mfumo ulitengenezwa ukijua kwamba laini itakatika, umeme utazimika, na simu ya kimataifa ni ghali. Jambo hilo wahandisi wa leo hulisahau kwa urahisi.

FidoNet haikubeba barua za watu wawili wawili tu. Ilikuwa na mijadala ya pamoja: unaandika mara moja, nakala inasambaa kwenye vituo vyote vilivyojiunga, kila kimoja kikiwa na nakala yake. Hilo ni groupu, miaka mingi kabla ya WhatsApp. Tofauti ni kwamba ujumbe ulilala kwenye mashine iliyokuwa mjini kwako, na ukiwa na tatizo ulikwenda kumwona anayeiendesha.

Baadaye intaneti ya saa zote ikaingia, na anwani za habari.co.tz zikaonekana kwenye vipeperushi vya kampuni nyingi za utalii. Ikaja migahawa ya intaneti ya katikati ya mji, ambako mtu alilipia muda kisha akakaa akisubiri ukurasa ufunguke mstari kwa mstari. Vijana wa rika langu walifungua huko akaunti zao za kwanza za Yahoo na baadaye hi5. Muziki wa Chuga, yaani Arusha, nao ulivuka mipaka enzi hizo. X Plastaz, kundi la Arusha lililochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, lilishirikiana na Thomas Gesthuizen, Mholanzi aliyeanzisha tovuti ya Africanhiphop.com, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa na lebo ya Out Here ya Ujerumani. Vijana wa mji ambao studio kubwa na redio za Dar es Salaam zilikuwa mbali nao walipata wasikilizaji Ulaya.

Ugumu wa miaka hiyo ulikuwa wa kijiografia. Setilaiti ya mawasiliano iliyotumika wakati huo ilikaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali na jibu vikipanda na kushuka, nusu ya sekunde imekwisha. Kwa bei ya wakati huo, kila kilobaiti ilikuwa fedha za kigeni. Ajabu ni kwamba ofisi mbili za Arusha zenye watoa huduma tofauti zilipoandikiana, barua iliweza kupanda setilaiti, kushuka Ulaya au Marekani, na kupanda tena kurudi. Watoa huduma hawakuwa na mahali pa kukutanisha nyaya zao hapa nyumbani. Dar es Salaam ilipata mahali hapo kwanza, kisha Arusha nayo ikapata kituo chake cha kubadilishana trafiki, AIXP. Kazi yake ni rahisi kuieleza: watoa huduma wanaleta nyaya zao kwenye chumba kimoja, na barua ya mtu wa Njiro kwenda kwa mtu wa Kijenge inageuzia hapo hapo. Wananchi wachache wanajua kuwa kituo hicho kipo, na hilo linanisikitisha, maana ni miundombinu yao kama ilivyo bomba la maji.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na uliofuata, EASSy, ukaanza kazi mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2009 Facebook ilitoa toleo la Kiswahili, na mwaka 2014 Tigo ikawafungulia wateja wake Facebook ya Kiswahili bila kukatwa bando. Kwa wengi waliopata simu ya kwanza yenye skrini wakati huo, intaneti na Facebook vilikuwa kitu kimoja. Hapo ndipo AIXP ilipopungukiwa uwezo. Chumba cha kubadilishana trafiki kinasaidia pale ncha zote mbili za maongezi zinapokuwa hapa. Maongezi yakihamia kwenye seva za kampuni moja ya mbali, nyaya za mjini zinabaki kupitisha mizigo ya kwenda na kurudi. Ni kweli kampuni kubwa huweka nakala za picha na video karibu na watumiaji ili zifunguke haraka. Uamuzi wa nani aingie, nani afungiwe na nini kionekane haukuhamia huku pamoja na nakala hizo.

WhatsApp ni tofauti kidogo, na inafaa kuielewa. Tangu Aprili 2016 kila ujumbe hufungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu za wahusika peke yao. Kampuni haiwezi kuusoma, na ukishafika hauhifadhiwi kwenye seva zake. Unalala kwenye simu yako. Ndiyo maana katibu wa vikoba akiibiwa simu bila kuwa na hifadhi ya akiba, ahadi na picha za risiti za mwaka mzima hupotea upande wake. Kinachobaki kwa kampuni ni taarifa za nje ya bahasha: nani yuko groupu gani, nani anawasiliana na nani, lini.

Arusha ina sababu ya pekee ya kujali nani anawajibika kwa kinachopita hewani. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake hapa kwenye kituo cha mikutano cha AICC, iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari iliyohusu redio RTLM na gazeti la Kangura, vilivyochochea mauaji ya kimbari. Miezi miwili baadaye, 4 Februari 2004, Facebook ilizinduliwa Harvard. Mahakama iliweza kufanya kazi yake kwa kuwa redio ilikuwa na waanzilishi, mtambo, na matangazo yaliyorekodiwa. Mtandao wa kijamii unamgawanya mtangazaji: yupo aliyeandika, waliosambaza, admini wa groupu, na kampuni ambayo programu yake ndiyo iliyochagua nani aonyeshwe nini. Kesi iliyofunguliwa Nairobi Desemba 2022 inadai Meta, kampuni mama ya Facebook, iliruhusu chuki kusambaa wakati wa vita vya Ethiopia, na tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza. Kwangu uamuzi huo ni mwendelezo wa kazi iliyofanyika AICC.

Je, tungekuwa salama zaidi kama seva zingekuwa zetu? Hapa nalazimika kuwa mkweli kwa pande zote mbili. JamiiForums ilianza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, kazi ya Watanzania Maxence Melo na Mike Mushi. Desemba 2016 Melo alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, na Juni 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kubana, jukwaa hilo lilisimama kwa muda. Mwenye kituo akiwa karibu, anafikika na wateja wake na anafikika pia na dola. Nampa Melo heshima kubwa: alisimama kati ya watu wake na wenye nguvu, jambo ambalo sijasikia meneja wa kampuni ya ng'ambo akilazimika kulifanya hapa.

Umbali nao haukutulinda. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtandao wa kijamii wenye kitovu kimoja cha mbali una mlango mmoja, na mlango ukifungwa, wa Sakina na wa Ngaramtoni hawawezi hata kuulizana kama watoto wamefika nyumbani.

Kwa hiyo narudi kwenye muundo wa vituo vingi vidogo. Teknolojia yake haikufa na FidoNet. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, na mifumo kama Matrix, huruhusu taasisi kuendesha kituo chake na kikaongea na vingine. Kompyuta ya kawaida, umeme wa uhakika na waya hadi AIXP vinatosha kuanza. Kinachokosekana ni mtu wa kukihudumia kila siku na bajeti ya kumlipa. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina wataalamu wa fani hii, na halmashauri zinazouzunguka Mlima Meru zina uhitaji.

Kwa kituo hicho, ningeanza na onyo la maji. Aprili 12, 2024, mafuriko yalisomba gari lililobeba wanafunzi huko Muriet, na watoto wakafa. Mvua ikinyesha juu mlimani, anayeuona mto ukijaa ni mtu wa kata ya juu, na anayehitaji kujua ni dereva wa gari la shule wa kata ya chini. Onyo hilo halina sababu ya kuvuka bahari. Linatakiwa kulala kwenye kituo cha Arusha, lifike kwa programu ya simu au, kwa mwenye kitochi, kwa ujumbe wa maandishi, na liwe na mtu mjini wa kuulizwa lisipofika.